Msimu mzima na taarifa za tufani: tathmini ya huduma ya PAGASA mwaka 2024

Mwaka 2024 niliishi Quezon City, ndani ya jiji kuu la Manila, katika nyumba ya kupanga isiyo mbali na bonde la mto Marikina. Kwa sababu hiyo nililazimika kujifunza kutumia huduma ambayo kabla ya hapo niliijua kwa jina tu: taarifa za tufani zinazotolewa na PAGASA, idara ya hali ya hewa ya Ufilipino. Nilizisoma taarifa hizo msimu mzima, tangu dhoruba Aghon ya mwishoni mwa Mei hadi tufani Pepito ya katikati ya Novemba, siku nyingine mara nane kutwa. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mabaharia, wanafunzi na wafanyakazi wanaozungumza Kiswahili ambao wako huko au wanakaribia kwenda, kwa kuwa sikumpata mtu wa kunieleza kwa lugha yangu namna ya kuzisoma, na kosa la kuzisoma vibaya nililifanya mwenyewe mwezi Julai.

Kuhusu gharama hakuna la kusema, maana huduma ni ya bure na haihitaji kujisajili. Taarifa hutolewa katika tovuti ya idara, katika kurasa zake za mitandao ya kijamii, redioni na kwenye televisheni. Hatari inapokuwa kubwa, ujumbe wa dharura huingia moja kwa moja katika simu zilizo ndani ya eneo husika, kwa mlio mkali unaomwamsha hata aliyelala fofofo, na ipo sheria ya mwaka 2014 inayozitaka kampuni za simu kuufikisha ujumbe huo bila kumtoza mtu chochote. Idara yenyewe ilianzishwa mwaka 1972, na kifupisho cha jina lake husomeka kwa Kitagalogi kama neno lenye maana ya tumaini.

Jambo la kwanza linalomchanganya mgeni ni majina. PAGASA inasimamia kipande kikubwa cha bahari, takriban kutoka latitudo ya 5 hadi ya 25 Kaskazini na longitudo ya 115 hadi ya 135 Mashariki, na mfumo wowote wa dhoruba ukiingia humo hupewa jina la Kifilipino hata kama tayari una jina la kimataifa. Majina ya kimataifa hutolewa na idara ya hali ya hewa ya Japani kutoka katika orodha ya majina 140 yaliyochangwa na nchi na maeneo 14 ya ukanda huo. Mwaka 2024 PAGASA iliipa majina mifumo 18, kwa hiyo nilikuwa na majina mengi ya kukariri mara mbili mbili. Dhoruba iliyotua Casiguran, mkoani Aurora, tarehe 2 Septemba na kusababisha mafuriko hadi mjini kwetu iliitwa Enteng. Siku chache baadaye jamaa zangu walinipigia simu wakiwa na hofu, wakitaka kujua kama Yagi imenifikia, yaani ile tufani iliyokuwa ikibomoa kisiwa cha Hainan na kaskazini mwa Vietnam, ambako iliua mamia ya watu. Ilikuwa ni hiyo hiyo moja, nami nilikuwa nimeshaipita. Pamoja na usumbufu huo, nauelewa utaratibu wa majina ya nyumbani: mvuvi wa eneo la Bicol hukumbuka jina la Kristine kwa urahisi kuliko la Trami, jina la kimataifa la dhoruba hiyo hiyo, na jina linalokumbukwa ndilo linalosambazwa kwa majirani. Msomaji mgeni aandike majina yote mawili mahali pamoja tangu siku ya kwanza.

Taarifa yenyewe ina kurasa chache zilizopangwa kwa utaratibu usiobadilika, na hapo ndipo huduma hii inapostahili sifa kubwa. Juu kabisa pameandikwa saa ya kutolewa na saa ambayo taarifa inayofuata itachukua nafasi yake: kila baada ya saa sita dhoruba ikiwa bado iko mbali, na kila baada ya saa tatu inapokaribia nchi kavu. Kisha huelezwa mahali kilipo kitovu, kwa umbali kutoka mji unaojulikana. Kasi ya upepo karibu na kitovu. Kasi ya mivumo ya ghafla. Kanieneo ya hewa katikati. Mwelekeo na mwendo. Mwishoni mwa sehemu hiyo upo mstari ambao wasomaji wengi huuruka, unaotaja upepo mkali unafika umbali gani kutoka kwenye kitovu. Naomba usiurukwe. Kitovu huweza kupita kilomita 200 kutoka mlangoni pako na bado upepo ukang'oa mabati, kwa sababu tufani ni mwili mpana wenye upana wa mamia ya kilomita, na nukta inayochorwa kwenye ramani ni katikati yake tu. Taarifa za Novemba zilisisitiza jambo hili kwa maneno ya wazi, zikisema kwamba mvua kubwa, upepo na maji ya bahari vinaweza kuyafikia hata maeneo yaliyo nje ya sehemu inayotarajiwa kupitiwa na kitovu.

Baada ya hapo huja jedwali la ishara za upepo, ambalo ndilo moyo wa huduma. Ishara ziko tano. Ya kwanza ina maana kwamba upepo wa kilomita 39 hadi 61 kwa saa unatarajiwa ndani ya saa 36. Ya pili, kilomita 62 hadi 88 ndani ya saa 24. Ya tatu, kilomita 89 hadi 117 ndani ya saa 18. Ya nne, kilomita 118 hadi 184 ndani ya saa 12. Na ya tano, kilomita 185 na kuendelea, nayo pia ndani ya saa 12. Jedwali hutaja mikoa, na pale mkoa unapogawanyika hutaja hata wilaya na visiwa kimoja kimoja. Shule, bandari na vyombo vidogo vya majini huendeshwa kwa kuzitazama namba hizo. Saa zilizotajwa hapo zina uzito sawa na kasi. Nilimsikia jirani akilalamika kwamba ishara imetangazwa asubuhi na jua linawaka, akaona wataalamu wamekosea. Lakini ishara inapotangazwa kwa mara ya kwanza huwa inakupa muda wa kufunga paa, kuchota maji na kuhama, na ukingoja uone mawingu ndipo uanze, muda wenyewe umeshakwisha.

Sasa nieleze kosa langu. Tarehe 24 Julai 2024, tufani Carina, ambayo kimataifa iliitwa Gaemi, ilikuwa mamia ya kilomita kaskazini mwetu, ikielekea Taiwan, na haikutua Ufilipino kabisa. Usiku uliotangulia nililitazama jedwali la ishara kwa makini, nikaona visiwa vya kaskazini vimetajwa na jiji la Manila halimo, nikazima simu nikalala nikiwa na amani. Sikujua kwamba tufani iliyo mbali inaweza kuvuta na kuutia nguvu upepo wa msimu wa kusini-magharibi, ambao Wafilipino huuita habagat, na kwamba upepo huo hubeba unyevu wa bahari na kuumwaga juu ya Manila bila tufani yenyewe kukaribia. Mvua ilinyesha alfajiri yote. Nilipofungua dirisha, maji ya njiani yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yamefika kwenye ngazi ya tatu ya nyumba ya jirani, na kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa kinazunguka taratibu juu ya mtaro uliojaa, hakiendi wala hakirudi. Mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji wote tulimwita Nanay, alikuwa ameshapandisha mchele, godoro na picha za marehemu mumewe ghorofani. "Mwanangu," aliniambia, "wewe unasoma namba ya upepo. Sisi wa bondeni tunasoma mto."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Mto Marikina una viwango vitatu vya tahadhari, mita 15, mita 16 na mita 18, na wakazi wa bondeni wanavijua kama mtu anavyoijua namba ya nyumba yake. Siku hiyo maji yalipita mita 20, na jiji zima likatangazwa kuwa katika hali ya maafa. PAGASA ilikuwa imetoa tahadhari nyekundu ya mvua, tena kwa wakati. Mimi sikuitazama kwa sababu niliamini kwamba hatari yote imekusanywa ndani ya namba moja. Ishara hupima upepo peke yake. Mvua ina taarifa zake yenyewe, zenye rangi tatu: njano ni milimita 7.5 hadi 15 kwa saa moja, chungwa ni milimita 15 hadi 30, na nyekundu ni zaidi ya milimita 30. Mfumo huo wa rangi ulianza mwaka 2012, na chanzo chake ni kumbukumbu chungu: mwezi Septemba 2009 dhoruba Ondoy, ambayo upepo wake haukuwa wa kutisha, ilimwaga milimita 455 za mvua ndani ya saa 24 katika kituo cha idara hiyo hapo hapo Quezon City, na sehemu kubwa ya jiji ikazama.

Kristine ilinithibitishia somo hilo mwezi Oktoba, na kwa gharama kubwa mno ya roho za watu. Kitovu chake kilitua Divilacan, mkoani Isabela, mapema tarehe 24, na wakati huo upepo wake haukuwa umefikia kiwango cha kuitwa tufani. Lakini siku mbili kabla, takriban kilomita 400 kusini ya hapo, mji wa Naga na vijiji vingi vya Bicol vilikuwa vimeshafunikwa na maji hadi watu wakapanda juu ya mapaa kuomba msaada. Kisha ardhi iliyolowa ikaporomoka huko Talisay, mkoani Batangas, na kuzika nyumba na familia zake. Zaidi ya watu 100 walikufa katika dhoruba ambayo, kwa mtu anayetazama namba za upepo tu, ilikuwa ya kawaida. Nilirudia kuisoma taarifa moja ya siku zile ili nione kama mvua ilitajwa. Ilitajwa, kwa mstari mmoja chini ya kichwa cha hatari za nchi kavu, uliomwelekeza msomaji kwenye waraka mwingine wa idara wenye makadirio ya mvua. Nilipoufungua waraka huo nilikuta kazi nzuri sana: mikoa imepangwa kwa makundi, inayotarajia milimita 50 hadi 100 kwa siku, 100 hadi 200, na zaidi ya 200. Habari iliyowahusu zaidi watu wa Bicol ilikuwepo, sahihi na mapema, ila ilikaa katika karatasi ya pili, na mtu mwenye simu yenye chaji ya asilimia 10 gizani hafungui karatasi ya pili.

Ili niwe mwadilifu, lazima niseme jinsi huduma hii ilivyofanya kazi katika wiki ngumu kuliko zote. Kati ya mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Novemba, mifumo sita iliandamana kuelekea Ufilipino: Kristine, Leon, Marce, Nika, Ofel na Pepito. Kwa muda fulani wa Novemba dhoruba nne zenye majina zilikuwa hai kwa pamoja katika bahari hiyo, na idara ya Japani ikasema haikuwahi kuliona jambo hilo katika mwezi wa Novemba tangu kumbukumbu zake zilipoanza mwaka 1951. Ramani zilijaa mistari. Hata hivyo taarifa za PAGASA ziliendelea kutoka kwa saa zilizoahidiwa, kila dhoruba na taarifa yake, bila kuchanganya mkoa wala tarehe. Pepito ilipokaribia, kisiwa cha Catanduanes kiliwekewa ishara namba 5, tahadhari za bahari kupanda zaidi ya mita tatu zikatolewa kwa pwani za Bicol, na mamia ya maelfu ya watu wakahamishwa kabla ya upepo kuanza. Ilitua Panganiban, kisiwani humo, usiku wa tarehe 16 Novemba ikiwa na upepo wa kilomita 195 kwa saa, na kesho yake alasiri ikatua tena Dipaculao, mkoani Aurora. Usiku ule nilikaa macho na Nanay mezani, mshumaa na redio mbele yetu. Kila baada ya saa tatu nilimsomea taarifa mpya, naye aliweka alama ya kalamu kwenye ramani ya zamani ya shule aliyoibandika ukutani, akiunganisha nukta moja na nyingine hadi mstari ulipopita kaskazini mwetu. Huduma inayomwezesha bibi wa miaka sabini kuchora njia ya tufani kwa mkono wake ni huduma iliyofikiriwa vizuri.

Nimejaribu pia huduma nyingine, na maoni yangu ni haya. Ramani za idara ya Japani ni bora kwa atakayesafiri baharini, kwa kuwa zinafunika eneo zima la kaskazini-magharibi mwa Pasifiki, lakini msomaji aelewe kwamba duara zinazochorwa humo si ukubwa wa tufani; ni eneo ambalo kitovu kina uwezekano wa asilimia 70 kuwa ndani yake kwa saa iliyotajwa, na ndiyo maana hupanuka kadiri siku zinavyosonga mbele. Kituo cha jeshi la Marekani kilichoko Hawaii nacho hutoa utabiri wa kutegemewa, ila kasi zake za upepo huonekana kubwa zaidi, kwani hupima wastani wa dakika moja, wakati Japani na Ufilipino hupima wastani wa dakika kumi. Kwa tufani Haiyan ya mwaka 2013, Japani iliandika kilomita 230 kwa saa na Wamarekani 315. Anayechukua namba kutoka pande zote mbili bila kulijua hilo atadhani tufani imeongezeka nguvu ghafla. Ama programu moja ya simu niliyoitumia mwanzoni, ilinichorea mstari mmoja mwembamba wa siku kumi mbele uliopita juu ya paa letu, nikawatia hofu wenzangu bure, kesho yake mstari ukahamia mbali kabisa. Niliifuta. Mstari wa siku kumi usio na eneo la uwezekano pembeni yake haufai kumfanya mtu ahame wala abaki.

Suala la lugha ni zito, na ningependa idara ilitazame upya. Taarifa zilizoandikwa ziko kwa Kiingereza, na maelezo ya video hutolewa kwa Kifilipino kilichochanganyika na Kiingereza. Kwa wasomi wa Manila hilo si tatizo. Lakini Haiyan, ambayo huko huitwa Yolanda, ilipotua tarehe 8 Novemba 2013 na kuua zaidi ya watu 6,000, wengi wa waliokufa katika mji wa Tacloban waliuawa na bahari iliyosukumwa na upepo hadi mitaani, na walionusurika walieleza baadaye kwamba waliisikia tahadhari ila neno la Kiingereza lililotumika halikuwaambia kitu. Wangeambiwa kwamba bahari itapanda kama tsunami, wangekimbia. Tangu hapo mengi yamerekebishwa: ishara namba 5 iliongezwa mwaka 2015, ramani za maeneo yatakayofikiwa na bahari hutolewa mapema, na neno daluyong, yaani bahari kupandishwa na dhoruba kwa Kifilipino, sasa husikika redioni. Karatasi kuu, hata hivyo, ingali ya Kiingereza.

Kwa atakayeanza msimu wake wa kwanza huko, utaratibu niliouzoea ni huu. Tazama kwanza saa ya taarifa, usije ukasoma ya jana. Soma mahali kitovu kilipo na upana wa upepo, kisha mkoa wako kwenye jedwali la ishara. Halafu, hata kama mkoa wako haumo, fungua waraka wa mvua na utafute jina lake humo, na kama unaishi karibu na mto au chini ya mlima, tazama pia ramani za maafa za kituo cha NOAH cha Chuo Kikuu cha Ufilipino, ambazo huonyesha mtaa kwa mtaa mahali maji yanapofika na mahali udongo unapoweza kuporomoka. Kazi yote haizidi dakika tano.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Usahihi wake, uaminifu wa saa zake na uwazi wa jedwali lake vimeniweka salama katika msimu ambao uliwaumiza wengi, na ningeitumia tena bila kusita. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya ule mstari mmoja unaomtuma msomaji kwenye waraka mwingine. Uondolewe, na milimita za mvua ziandikwe pale pale chini ya ishara za upepo, mkoa kwa mkoa, kwa Kifilipino na kwa lugha za visiwani.